Wasomaji Waliofungiwa Jikoni

Mimi ni mpishi wa shule. Masomo niliacha katikati ya Form Two. Si kwa sababu nilikuwa mjinga. Yaani, mjinga nilikuwa, lakini hiyo haikuwa sababu. Hesabu na mimi tulikosana na hakuna mtu alikuja kutusuluhisha. Tangu hapo nakoroga githeri, mahindi na maharagwe pamoja, kwa sufuria ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani, na watoto wakiniuliza niko na digrii ya nini, nawaambia ni ya mwiko.

Kwa hivyo mkinisikia nikichekacheka hapa msidanganyike. Niko na hasira. Nimekuwa nayo kutoka mwaka jana mpaka leo, na haijapoa, na mimi kazi yangu ni kujua kitu ikipoa.

Shule yetu iko juu ya mji wa Nyeri, mahali mlima unaonekana asubuhi mapema kabla haujajifunika. Kila muhula watu wa ofisi ya elimu wanakuja kusikiliza watoto wa gredi ya pili wakisoma. Wanaita mmoja mmoja, wanampa karatasi, wanaandika kama anajua au hajui. Na kila muhula, asubuhi ya siku hiyo, mwalimu mkuu ananiletea watoto saba jikoni.

"Mzee, hawa wakusaidie kuchagua maharagwe."

Halafu anafunga mlango na kufuli. Kutoka nje.

Mara ya kwanza nilifurahi, wacha niseme ukweli. Nilidhani shule imenionea huruma ikanipatia wasaidizi. Nikawapanga kwa benchi kama bosi. Ndio nikauliza kasichana kamoja kameng'oka meno ya mbele, "Na nyinyi hamwendi kusomea wageni?"

Hata hakuinua kichwa. "Sisi ndio wale hawajui."

Alisema hivyo tu, kama mtu umemuuliza anatoka kijiji gani. Miaka nane.

Huyo msichana alikuwa anakaa na shosho, nyanya yake. Mama yake alienda Wang'uru kupanda na kupalilia mpunga wa watu, anarudi Krismasi. Mwalimu wake wa darasa alikuwa ameita shosho akamwambia, mtoto akiwa amesimama hapo hapo, "Huyu, shosho, kichwa imekataa. Mwaka ikiisha mtamtoa, apelekwe kwa ile shule ya watoto wa kichwa ngumu huko ng'ambo ya mto." Shosho alikuja kulia jikoni kwangu. Jikoni ni mahali pazuri pa kulia, unasema ni moshi.

Sasa hiyo siku ya maharagwe, msichana akaangalia gunia ya mchele ya lunch ya walimu. Walimu wanakula mchele na maharagwe, watoto githeri, hiyo nayo ni hasira ya siku ingine. Mwenye duka alikuwa ameiandika kwa kalamu ya maka nyeusi.

"Guka, hii imeandikwa nini?" Guka ni babu, ndivyo wananiita.

"Imeandikwa Wang'uru."

Akaweka maharagwe chini. "Wang'uru ya mama?"

"Kwani kuna ingine?"

Akapiga magoti mbele ya hiyo gunia. Akaweka kidole kwa herufi ya kwanza akaniuliza ni gani. Halafu ya pili. Akarudia mpaka wale wengine sita wakaja kumzunguka, kila mtu anataka kuguza. Hakuna maharagwe ilichaguliwa siku hiyo. Walimu walitafuna mawe na mimi niliwasikia nikiwa jikoni, na sikuomba msamaha.

Kutoka hapo wakawa wanakuja kila break. Niliwafunza vile najua, na ninajua kidogo. Tulisoma magunia. Tulisoma pakiti ya unga, mbele na nyuma, tulisoma mtungi ya mafuta. "Weka mahali pakavu" walikuwa wanasema pamoja na sauti ya kanisani. Mwalimu wa kweli angezirai. Macho yakichoka nawapigia hadithi ya fisi aliyeenda harusi bila kualikwa, na kwa vile mimi husahau mwisho, wao ndio walikuwa wanamaliza. Kila siku huyo fisi anakufa kifo ingine.

Siku moja msichana akaniletea karatasi ya pakiti ya unga, ameipasua ikalala vizuri, ameandika upande wa ndani. Nainakili hapa vile ilikuwa:

"Gunia ilitoka Wang'uru. Ilipanda lori. Ilipita Karatina. Watu wakakula mchele yote. Gunia ikasema, sasa mimi ni nyepesi, naweza rudi kwa mama."

Nilisema ni moshi.

Nikaipeleka kwa mwalimu wake. "Tichee, hebu ona."

Akasoma haraka. "Nani amemwandikia?"

"Ni yeye mwenyewe."

"Mzee, kila mtu na kazi yake. Mimi naingiaga kwa sufuria yako?"

"Ungeingia ungepata wanafunzi wako."

"Mimi nilishaandika hajui," akasema, akanirudishia. Yaani karatasi ya ofisi ndiyo inajua, mtoto anafuata nyuma.

Muhula wa mwisho wageni wakarudi. Msichana alikuja amepakwa mafuta mpaka miguu inang'aa, ameshika hadithi yake kifuani. "Guka, leo mimi pia nitasoma?" Kabla sijajibu nikasikia kufuli: kacha. Watoto saba na mtu mzima mmoja, tumefungiwa kama kuku.

Saa nne mwalimu mkuu akanifungulia nipeleke chai, akafunga tena nyuma yangu. Nilikuwa nimemwomba msichana ile karatasi yake nikaiweka chini ya bakuli ya sukari. Mgeni mkubwa alikuwa mama wa miwani. Akachukua sukari, akaona karatasi, akasoma, akaacha kutafuna mandazi.

"Nani ameandika hii?"

Mwalimu mkuu akaangalia tichee. Tichee akatoka nje, akarudi na namba moja wa darasa. Mtoto mzuri, sina neno naye. Akapewa karatasi, akasoma kwa nguvu na mikono hewani. Wageni wakapiga makofi. Mimi nimesimama hapo na birika, na nikwambie, nilitamani kuwamwagia wote, kuanzia kushoto.

Mama wa miwani akauliza, "Na kwa nini gunia inataka kurudi?"

"Sijui," mtoto akasema. "Uliza mwenyewe aliyeandika. Amefungiwa jikoni."

Mwalimu mkuu akacheka kama mtu amekanyaga msumari. "Hawa watoto nao, wako na mchezo!"

Mgeni akaangalia saa. Akaangalia dirisha. "Mvua inakuja, na bado tuko na shule ingine. Huyo tutamwona siku ingine."

Siku ingine! Siku ingine atakuwa ng'ambo na watoto wa kichwa ngumu.

"Madam," nikasema, "kikombe yako bado iko nusu. Na ufunguo iko kwa mfuko ya mwalimu mkuu, ile ya kulia." Ningependa kusema nilisimama imara kama mwanaume. Nilimimina chai kwa kiatu yangu. Bado iko na alama.

Yule mama aliweka kikombe chini. Alinyoosha tu mkono, kiganja juu, mpaka ufunguo ikatoka, akaenda jikoni kufungua mwenyewe.

Msichana alisoma akiwa amesimama kati ya magunia. Si hadithi yake, alipewa karatasi ya ofisi, hajawahi kuiona. Alisoma polepole sana. Katikati akakwama kwa neno moja, na mimi nilikuwa naliona, nikauma ulimi nisimtajie. Akarudi nyuma, akalipata, akaenda mpaka mwisho.

"Sasa niambie, gunia inarudi kwa nini?"

"Imemaliza kazi," akasema. "Ukimaliza kazi unaenda nyumbani. Ni mama tu hajamaliza."

Mgeni akafuta "hajui" akaandika "anajua". Niliona kwa macho yangu. Nikamwambia, "Na hawa sita, madam?" Watatu kati yao walikuwa wanasoma kumshinda.

"Hao tutaangalia," akasema, akakimbilia gari, matone yameanza.

"Umetuaibisha, mzee," mwalimu mkuu akaniambia.

"Mimi nilimwaga chai tu."

Msichana yuko gredi ya tatu, hapa hapa. Shosho aliniletea nduma za kula wiki mbili. Lakini wale sita walirudishwa gredi ya pili, hakuna mtu amewaangalia mpaka leo, na wameandikwa vile vile. Wanakuja break, tunasoma magunia.

Siku ile, kabla ya kwenda nyumbani, nilitoa kufuli kwa msumari wake nikaitupa kwa choo ya shimo. Muhula uliofuata wageni walipokaribia, mwalimu mkuu akaja na wale watoto sita, akapapasa ukuta.

"Mzee, kufuli iko wapi?"

"Sijui, mwalimu. Labda iliingia kwa maharagwe yenu. Leo tafuneni polepole."

Akawaacha hapo, akaenda kutafuta waya ya kufungia mlango. Nikafungua mlango wote, nikaweka jiwe isirudi, nikawaambia watoto wachukue magunia tukasomee nje, pale gari za wageni zinaegeshwa.