Balozi wa Nchi za Watu

Nilianza kazi ya ubalozi Alhamisi moja, saa tisa alasiri, nikiwa darasa la tisa, tumbo limejaa maharage ya shule. Ninyi mliokuja juzi, mnaokalia viti tulivyovichakaza sisi, mmeniuliza Chama cha Mambo ya Dunia kilikuwaje wakati wetu. Nimestaafu na miaka yangu kumi na minane, meno yote ninayo, kwa hiyo nitasimulia bila kuwatemea mate.

Mkubwa wetu wa kazi alikuwa Mwalimu wa Historia, Mbondei wa Muheza, mtu mpole aliyefuta miwani kila aliposhindwa kujibu swali. Alitupitishia debe la biskuti lenye vikaratasi, kila kimoja na jina la nchi ambayo aliyekivuta angeisemea mikutanoni. Nikavuta Norwe. Nikaandikiwa hati ya utambulisho, yaani karatasi anayokwenda nayo balozi ili wenyeji wajue katumwa na nani. Yangu iliandikwa nyuma ya mtihani wa hesabu niliopata sita kwa mia, basi serikali ya Norwe ilianza na aibu.

Siku hiyohiyo nilifanya kosa la ugeni. Nililichokoachokoa debe kutafuta Tanganyika. Haimo. Nikamwuliza Mwalimu wa Historia. Akafuta miwani.

"Tanganyika haina kiti," akasema. "Tanganyika ni ajenda."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Baada ya Norwe nilihamishiwa Peru, ambako nilikaa mihula miwili sifanyi lolote ila kupinga kila alichokubali jirani yangu. Kutoka Peru nikapelekwa Uholanzi. Huko ndiko nilikojifunza kazi. Balozi husimama kusema ambalo serikali yake ingesema, hata kama moyo wake uko kwingine. Niliposahau nikatoa rai yangu mwenyewe, Mwalimu aligonga meza akaniambia, "Balozi hana tumbo lake. Akiumwa, anaumwa tumbo la serikali." Nikaliandika daftarini. Nilikuwa kijana mwepesi wa kuandika upuuzi.

Tulipoingia darasa la kumi na mbili akaja Bwana Elimu, Mzungu anayesimamia shule zote za huku kwetu, akatangaza kwamba shule itatoa jina moja lipelekwe Dar es Salaam, la kijana atakayekwenda kusoma mambo ya mataifa katika chuo kikuu cha Ulaya. Atamchagua yeye, baada ya kusikiliza mkutano wetu wa mwisho. Niliitaka nafasi hiyo kama mgonjwa anavyotaka maji. Wiki hiyo hiyo vikaratasi vikapita, nikavuta Uingereza. Nikasema Mungu kanisikia. Sikujiuliza kasikia nini.

Hoja iliyoletwa ilikuwa Tanganyika itajiwe mwaka wa kujitawala. Sisi ni nchi ya udhamini, maana yake nchi iliyowekwa mikononi mwa mwingine mpaka ikue. Na atakayesema imekua ni yuleyule aliyeishika. Mleta hoja alikuwa mjumbe wa India, yaani Omari, kijana wa Mwera kule Pangani, ambaye kitanda chake bwenini kilikuwa ubavuni mwa changu. Mstari wa mbele waliketi Bwana Elimu na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, pamoja na wake zao. Wazazi wetu waliruhusiwa nyuma. Baba yangu ni dobi Chumbageni. Alikuja na kanzu aliyoipiga pasi mpaka ungedhani ingeweza kusimama bila yeye. Kiingereza hajui hata neno, lakini hakutaka kukosa.

Omari alisema vizuri. Alisema watu wa kwao walikuwa wakikata kesi zao, za mashamba na za ndoa, kabla ya Mzungu yeyote kuja na helmeti yake, na hapakuwa na mtu aliyekaa akingoja kuambiwa amekua. Akaketi.

Nikasimama mimi. Ningeweza kusema vibaya. Hilo nataka mlijue. Balozi anaweza kukohoa, anaweza kupoteza karatasi yake, hoja ya mwenzake ikapita. Lakini nilimwona Bwana Elimu ameshika kalamu.

Nikasema nchi hii ina wilaya ambazo choo chake ni kichaka. Nikasema mabalozi ni wa nini huko? Wataandika barua kwa nani, nao wamechuchumaa wapi? Wachimbe vyoo kwanza, mabalozi watatoka kwa wajukuu wao. Mke wa Bwana Shauri alicheka mpaka akatoa leso. Wakapiga makofi mstari mzima. Baba, kule nyuma, alipowaona Wazungu wanapiga, akapiga kuwashinda wote.

Hoja ikaanguka. Jioni Omari alikuwa akitandika kitanda chake, hakugeuka.

"Umetuzika vizuri, Mheshimiwa," akasema. "Hata sanda umeitia manukato."

Tangu hapo tulisalimiana, na mezani tulipeana chumvi. Mengine yalikwisha.

Jumapili nilipokwenda nyumbani baba aliniuliza nilisema nini siku ile. Nikamwambia nilizungumzia nchi yetu. Kweli niliizungumzia, kama mchawi anavyomzungumzia mtoto wa jirani. Kufika Ijumaa msikiti mzima ulikuwa umekwisha kusikia kwamba mwana wa dobi kaisemea nchi na Wazungu wamekubali.

Mwezi ukapita, nikaitwa ofisini kwa Bwana Elimu. Alinipa kiti. Akafungua kijitabu chake, akanisomea maneno yangu ya vyoo, akacheka upya kama aliyeyasikia asubuhi ile.

"Ulinisadikisha," akasema, kwa Kiswahili chake cha kukanyaga kokoto. "Nchi hii haina kazi ya kumpa mtu aliyesoma mambo ya mataifa. Ulisema mwenyewe. Nimekutafutia nafasi ya kusomea Bwana Afya. Utakagua vyoo."

Nikamwambia siku ile nilikuwa nikisema kwa niaba ya Uingereza.

"Naam," akasema. "Na mimi pia."

Shule yetu haikupeleka jina la mtu yeyote Dar es Salaam. Omari naye walimwacha, walisema ana maneno makali. Aliyewapinga na aliyewatetea tukatolewa kwa mlango mmoja, ila mwenzangu alitoka hana la kuficha. Nilipokwenda kurudisha hati yangu ya Uingereza, Mwalimu wa Historia aliipokea, akafuta miwani kwa muda mrefu, akaniambia nilikuwa balozi bora kuliko wote aliowafundisha. Nadhani alitaka kunifariji.

Hiyo ndiyo kazi yangu yote, tangu Norwe mpaka kustaafu. Sitawaambia msiingie chamani. Mtaijua dunia, na siku za wageni kuna biskuti. Ila siku ajenda itakapokuwa nchi yenu wenyewe na karatasi mkononi ni ya mwingine, kohoeni. Mtapewa adhabu ya kufyeka majani kwa wiki moja. Majani huota tena.

Nitaripoti kwenye mafunzo ya afya muhula ukifungwa. Nyumbani nimesema nafasi za Ulaya zilijaa. Jumatano iliyopita nilimkuta baba anapanga mashati ya Bwana Elimu kapuni. Ndiye anayemfulia, na Jumatano ndiyo siku ya kumpelekea.

"Mwanangu, nimefikiri," akasema. "Leo nitamkumbusha siku ile uliyosema mpaka wakapiga makofi. Wakubwa wana mambo mengi, pengine amesahau."

"Hajasahau, baba."

Akaliweka shati la mwisho juu ya mengine, akalinyoosha kola kwa kidole.

"Basi nitamwambia tu kwamba nami nilikuwepo," akasema, "na nilipiga."