Besi Kwenye Banda la Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa besi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Ilikuwa ndani ya ukumbi wa wafanyakazi wa shamba moja la chai nje ya mji wa Kericho, shamba lilelile ambalo wazazi wangu, Waluhya waliokuja kutafuta kazi, walichuma majani mpaka migongo ikakataa. Bendi ya shamba ilikuwa chini ya Afisa wa Maslahi, pamoja na timu ya mpira na sherehe ya Krismasi. Wenzangu waliyarukia magitaa ya nyuzi sita. Mimi nikabaki na lile la nyuzi nne, zito, shingo ndefu. Afisa akaniangalia akasema, "Wafula, hilo watu hawatalisikiliza. Lakini ukiacha kulipiga, wataacha kucheza." Nilimwamini siku hiyo na sijawahi kujuta.

Sasa nimestaafu, na vijana wa makanisa hunijia wakitaka kujua wanunue besi gani na ampu gani, ile mashine ya kukuza sauti, ya kupigia nje. Wanakuja na simu, wananionyesha picha za maampu makubwa kama kabati. Nawaambia wazime hizo simu kwanza. Besi haichaguliwi kwa picha, bwana. Ishike bila kuiunganisha na kitu chochote, weka sikio kwenye ile pembe ya juu ya mbao, halafu piga uzi ulio mnene zaidi. Kama mbao yenyewe haitetemeki mpaka uisikie kwenye taya, hakuna ampu itakayokusaidia. Kisha funga jicho moja uitazame shingo kutoka mwisho, vile seremala hutazama ubao. Huku kwetu ukungu na mvua hupinda shingo za magitaa, na shingo ikipinda nyuzi zinapanda juu, vidole vinachoka kabla watu hawajapata joto la kucheza.

Kuhusu ampu ninaweza kuongea mpaka chai ipoe. Wati ni nguvu tu, spika ndiyo mdomo. Spika pana ya inchi kumi na tano hutoa sauti nzito inayokuingia tumboni. Zile za inchi kumi husema haraka, kila noti unaisikia ikianza na ikiisha. Ukipiga nje hakuna ukuta wa kukurudishia sauti, kwa hivyo unahitaji nguvu zaidi, na hapo ndipo wengi hupotea. Wananunua ampu kubwa, wanazungusha kitufe cha sauti nzito mpaka mwisho, na mbele yao hakuna anayejua wimbo ni upi. Ni ngurumo tu.

Mimi nilifunzwa adabu ya besi na mtu ambaye hakujua kupiga hata filimbi. Nilipotoka shambani niliajiriwa kwenye hoteli moja mjini, na Meneja wa pale alikuwa na sharti lake: wageni wasikie muziki, na bado mtu aweze kumwomba mwenzake chumvi bila kupaza sauti. Mwanzoni nilimwona ananidharau. Kumbe alinipa nusu ya kazi yangu. Kupiga kwa nguvu ni rahisi, mtu yeyote mwenye hasira anaweza. Kupiga kwa sauti ya chini na miguu ya watu ianze kutikisika chini ya meza, hapo sasa tunaongea kazi.

Baadaye nilijiunga na bendi ya harusi ya Mkipsigis mmoja wa Kaplong. Sisi sote tulimwita Kiongozi. Tulizunguka naye Sosiot, Sotik, Bomet, kila mahali kwenye harusi na koito. Koito, kwa msomaji wa mbali, ni siku ambayo ukoo wa kijana huja nyumbani kwa kina msichana kumposa. Wazee wa pande zote mbili hukaa ndani ya nyumba wakiongea, na kina sisi tunabaki nje tukiwachangamsha wageni. Wazee wakikubaliana, maziwa ya mursik hutolewa kwenye kibuyu, na hapo sherehe hufunguka.

Kiongozi alikuwa na ugonjwa wa kupenda sauti. Alikuwa amejipatia ampu kubwa yenye spika ya inchi kumi na tano, na alitaka ifunguliwe yote kila siku. Mimi pia nina kichwa kigumu, kwa hivyo tulibishana kila Jumamosi. Alikuwa akisema bendi isiyosikika ng'ambo ya bonde imekula chakula cha watu bure. Mimi nilikuwa na kiampu changu cha spika moja ya inchi kumi, nikakibeba kila safari nyuma ya pikapu, na yeye akakicheka kila safari.

Halafu ikafika koito ya binti yake mwenyewe, Chebet. Kijana alitoka upande wa Fort Ternan, na msemaji wa ukoo wao alikuwa babu yake, mzee sana ambaye sauti ilikuwa imebaki mnong'ono tu. Habari zake tulizijua. Kwenye koito ya mjukuu mwingine waliwahi kumwambia mara kwa mara arudie maneno yake, akaona anadharauliwa, akachukua fimbo yake akatoka, na ukoo mzima ukamfuata. Ile posa iliishia hapo. Asubuhi hiyo Chebet alinipita uani na sufuria mkononi, akasimama, akaniambia tu, "Leo, Mzee Wafula, tafadhali." Nilielewa.

Mchana mvua ikaja, kama kawaida ya huku. Kiongozi, akiwa tayari na suti yake, aliamuru ampu kubwa iwekwe kibarazani isilowe, imeegemea ukuta, kisha akaingia ndani kukaa na wazee. Nyumba ilikuwa ya mbao, na sakafu yake pia ni mbao iliyoinuliwa juu ya mawe. Yeyote aliyekaa na besi angejua kitakachotokea. Hatukuwa tumemaliza wimbo wa kwanza, shangazi yake Chebet akatoka mbio amejitanda leso. Alituambia vikombe vinatembea mezani, mzee amerudia neno lake mara mbili, na amesema hatalirudia tena.

Nikaizima ampu ile palepale. Mpiga gitaa la solo wa bendi yetu akasema basi tukae kimya mpaka waelewane. Lilikuwa shauri la busara, nakubali, lakini nilikataa. Niliitwa pale kupiga besi, na nilijua inaweza kupigwa bila kumwudhi mtu. Kiburi? Ndiyo, kiburi. Ng'ambo ya uani kulikuwa na banda la ng'ombe lenye sakafu ya simiti, karibu na jikoni. Tukawatoa ng'ombe, wakatutazama vibaya sana. Nikaleta kiampu changu, nikakipandisha juu ya kreti za soda, maana ampu ikikaa chini ardhi hubeba mtetemo mpaka kwenye msingi wa nyumba. Kuigeuza upande hakusaidii, sauti ya besi huenea pande zote. Nikapunguza kabisa ile sauti nzito, nikaongeza ya katikati, ndiyo inayombebea mchezaji noti. Kisha nikararua kipande cha sponji kwenye kiti cha pikapu, nikakisukuma chini ya nyuzi karibu na daraja, pale zinapofungwa kwenye mbao, ili kila noti ife upesi. Nikaanza kwa kidole gumba.

Sijawahi kupiga vizuri vile. Wageni walijibana chini ya mabati wakayumba taratibu, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa ile nyumba. Niliogopa, sitaficha. Kila mara mlango ulipotikisika nilidhani ni fimbo ya mzee inatangulia. Ulipofunguka hatimaye, aliyetoka ni Kiongozi, mdomo umezungukwa na weupe wa mursik. Alivuka uani kwenye mvua na suti yake, akafika bandani, akasema, "Kuanzia leo, ampu unachagua wewe." Nikachagua miaka yote, mpaka vidole vya mkono wa kushoto vilipokataa kukunjika na nikaweka besi chini.

Baada ya mimi kustaafu, Chebet alikuja kunitembelea, mama wa watoto sasa. Nilimsimulia siku ile kwa majivuno yangu yote, jinsi nilivyopiga mpaka ndani wasinisikie. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Sisi wasichana tulikuwa tumefungiwa jikoni, hakuna aliyetuletea habari," akasema. "Ile besi ya kwanza iliponyamaza ghafla nilijua mzee ameondoka. Nililia, Mzee Wafula. Halafu nikaisikia tena, ndogo, upande wa ng'ombe. Nikasema basi, bado wanaongea. Nikaweka mkono kwenye ukuta na sikuutoa mpaka waliponiita."

Nimepigia maaskofu na wakubwa wa serikali, na picha zao ninazo ukutani. Lakini nikiulizwa ni wapi nilipiga vizuri kuliko kote, nasema ni Kaplong, kwenye banda la ng'ombe, na aliyekuwa ananisikiliza sikujua hata yuko nyuma ya ukuta.