Kopo la Mama Mkwe

Majirani walimwita Mama Kunguni, na kwa kweli alijitakia mwenyewe. Wenzake wanamwagia vitanda maji ya moto ili kunguni waishe, yeye kawapa chumba cha uani, kawapangia visanduku vya wavu na kuwalisha kama vifaranga. Hawakuwa kunguni wa kitandani. Hawa ni wa shambani, wana mdomo mrefu kama sindano, na kazi yao ni kufyonza mabuu ya mbawakawa wanaomaliza majani ya viazi.

Hakuwafuga kwa kupenda, aliwafuga kwa woga. Msimu uliopita mumewe alipiga dawa shambani bila kujifunika uso, akarudishwa nyumbani amebebwa, midomo imegeuka rangi. Daktari akasema wazi kwamba kifua kile hakitavumilia dawa tena. Tangu hapo mume akikohoa tu, roho ya mke inaruka. Lakini viazi ndiyo maisha yao, na mume alishaapa: kunguni wakishindwa, bomba la kupigia dawa analibeba mwenyewe.

Basi mke akawaachia shambani makinda ya kunguni, madogo, mekundu, akangoja. Mbawakawa wakazidi. Kila alipokwenda alikuta majani yametobolewa zaidi, na mumewe akiyatazama.

Asubuhi moja mama mkwe, mtu asiyejua kukaa bure, aliingia uani na kopo la maji ya sabuni. Alieleza kwamba amekuwa akidamka kuokota mabuu, yale mekundu mekundu, ili kumsaidia mkwewe, maana hata yeye hataki kumzika mwanawe. Mama Kunguni akachungulia. Mabuu yalikuwa machache. Waliobaki wote walikuwa makinda yake, wakielea.

Akaopoa mmoja kwa kidole. "Mama," alisema, "hawa ndio waliokuwa wanatufanyia kazi."

Bibi kizee akaliweka kopo chini. Mume, aliyesikia yote mlangoni, akaenda stoo, akachanganya dawa, akatoka na bomba. Mama yake akamwahi, akaikamata mikanda.

"Lete hapa," alimwambia. "Niliyewaua ni mimi."

Mume akavuta, mama akang'ang'ania. Mwishowe mume ndiye aliyeachia, akihema kwa mvutano ule mdogo tu. Bibi kizee akajitwisha bomba mgongoni, akamgeuzia mkwewe mgongo amfunge mikanda.

Mama Kunguni alijua la kusema. Alijua dawa haichagui kifua. Akafungua mdomo, akamwona mumewe ameshika ukuta akitafuta pumzi, akaufunga tena. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akamziba mama mkwe pua na mdomo, kisha akakaza mikanda ya bomba. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uliopita hakumwogopea mumewe, akajiogopa mwenyewe.