Siku Niliyonawa Miguu Pembeni

Kaka yangu aliniambia nisitoke nyumbani kwake mpaka arudi kutoka Kasongo. Lakini siku ya tatu unga uliisha, nikamfuata jirani yake, aliyesema kwenye shimo lao la dhahabu anayebeba mchanga hupewa chakula.

Mimi ni wa Kigoma. Nilivuka ziwa kuingia nchi ya pili, nikakaa juu ya pikipiki siku mbili hadi Salamabila, nikiamini Kiswahili kitanitosha. Njiani kilitosha. Kwenye kijito cha kuoshea mchanga wa dhahabu, watu walisemezana Kibangubangu, na mimi wakanionyesha kwa kidole: beba, mwaga, rudi. Kila walipocheka niliona wananicheka mimi.

Mchana wakaita watu kula. Nilikuwa na matope hadi magotini. Kwetu mama hakubali kijana anawe miguu mbele ya wakubwa wanaokula. Unakwenda pembeni, unarudi safi. Basi nikashuka na kijito, nikapita nyuma ya matete, nikaanza kujisugua.

"Weye! Uko nafanya nini pale?"

Wanaume wanne walikuja mbio. Mmoja alinikamata mkono. Mwingine aliruka ndani ya maji niliyokuwa nikinawia, akayaziba kwa miguu kama mtu anayezuia kuku asitoroke. Walisema harakaharaka kwa lugha yao. Nilitambua neno moja tu, jina la nchi yangu.

Jirani akafika anahema. "Ndugu, juu ya nini unakuja kunawia huku? Matope ya shimo iko na dhahabu, haitoki hapa. Mutu ananawa mu karai, mbele ya wote. Mwenye kujificha, iko naiba dhahabu."

Nilitaka kueleza habari za mama, lakini mama yangu aliwahusu nini? Nilisema "samahani" mara tatu, na nikaona nyuso zao zinabadilika. Kwao nilikuwa nimekwisha kukiri.

Wakaniburuta hadi kwa mkuu wa shimo, wanayemwita pedeje. Alikuwa anakula. Hakuinuka.

"Mumuoshe mu karai."

Wakanisimamisha ndani ya karai na suruali yangu, wakanimwagia maji, wakakamua mapindo. Kisha pedeje akalichukua lile karai, akalizungusha polepole, akimwaga matope kidogokidogo. Nilimwomba Mungu kisibaki kitu. Kikabaki: nukta moja ya njano, ndogo kuliko ufuta. Mkojo ulitaka kunitoka.

"Eh, Bwana Kigoma," mmoja akasema, "na hii ulitaka kujenga nyumba?"

Walicheka. Sikujua kama kwao watu hucheka kabla ya kupiga.

Pedeje aliitazama ile nukta, akanitazama miguu. "Mwizi anaenda na matope ku nyumba yake," alisema. "Huyu alikuwa anaimwaga ku maji, dhahabu na yote. Haiko mwizi. Iko mujinga. Kaa, kula."

Nilikaa. Tonge la kwanza lilianguka, na jirani akanisogezea sahani.

Kaka aliporudi nilikuwa bado naenda kwenye lile shimo, maana niliogopa kwamba nikiacha watasema nimekimbia. Kila mchana nilikuwa wa kwanza kuingia ndani ya karai. Hakuna aliyeniambia, lakini nilipanua vidole vya miguu, kimoja kimoja, waone.