Vidonge vya Kutakata

Mdogo wangu hakuwahi kuujali weusi wake mpaka mimi nilipoufanyia mzaha. Siku tuliyopata habari kwamba amechumbiwa na karani wa boma la Handeni, nilimwambia mbele ya wenzake, "Huyo karani anunue kandili za kutosha, maana taa ikizimika tu hatakuona tena." Wasichana walicheka mpaka wakaegemeana. Naye alicheka. Nilikuwa na mdomo siku zile, na nilijivunia.

Tulikaa kambi ya shamba moja la katani upande wa Ngombezi. Baba alikuja na manamba kutoka kusini, akamwoa mama, Mzigua wa Handeni, asirudi tena kwao. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani, na nikapata kazi kwenye zahanati ya kambi. Nilifagia, nilichemsha sindano, na siku za kugawa dawa ya homa nilibeba ndoo ya maji na kikombe nyuma ya dresa, tabibu wetu wa kambi. Ulikuwa wakati wa vita na kwinini iliadimika, ndipo vikaletwa vidonge vingine, vya njano, vichungu ajabu. Kila mfanyakazi alimeza mbele ya dresa, akaachama, akatoa ulimi. Hata hivyo wengi walivibana shavuni wakaenda kuvitema nje.

Kisha askari wakaanza kuja likizo kutoka vitani Bama. Walikuwa wameondoka weusi kama sisi, wakarudi na rangi ya papai linaloanza kuiva, hata viganja na macho. Watu wakasema wametakata kwa chakula cha jeshi. Mmoja alikuja zahanati kufungwa kidonda, akaviona vidonge mezani, akacheka. "Chakula gani, dada! Ni hivi hivi. Tulimeza kila siku kwa amri." Nilikimbilia nyumbani na habari hiyo kana kwamba nimeokota kitu cha thamani. Mdogo wangu alikuwa anachambua mboga. Akaiweka chini.

"Kila siku?" akauliza.

Alinisumbua siku tatu nimletee. Nilimwambia ni dawa ya homa, wala yeye hana homa. Akanijibu taratibu, bila kunitazama, "Dada, si wewe uliyesema hataniona?" Hapo aliniweza.

Niliwaambia wale wa kutema wanipe mimi badala ya kutupa, nao wakafurahi kupata pa kuvipeleka. Baadhi yao waliugua homa masika ile, na hilo nalo ni langu. Vidonge niliviweka kwenye kopo la majani ya chai. Wengine kambini walimeza kwa kiasi cha dresa, siku za kugawa tu. Yeye nilimpa viwili asubuhi na viwili jioni. Kipimo hicho nilikitoa kichwani mwangu. Nilikuwa nimebeba ndoo nyuma ya dresa mwaka mzima, nikajiona nimesomea.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa amewekwa ndani kungoja harusi. Somo wake alikuwa bibi mmoja wa Kilole, mjane, aliyejulikana kwa kusinga maharusi. Alifika kila asubuhi na bakuli la manjano na liwa alivyosaga mwenyewe, akamsugua mtoto wa watu kuanzia shingoni hadi nyayoni, huku akimfunza namna ya kukaa na wakwe. Kuhusu vidonge hakuambiwa kitu. Wiki ya tatu rangi ikaja. Mama akapiga vigelegele. Bibi aliishika mikono ya mdogo wangu, akaigeuza huku na huku, akasema, "Tangu nianze kazi hii, manjano hayajapata kumkolea mtu hivi." Sifa zilienea, hata akina mama wa Masuguru wakatuma watu wamwite. Mimi na mdogo wangu tulibana vicheko.

Halafu usingizi ukamwisha. Akawa anazungumza kutwa bila kituo, akiipanga nyumba ya Handeni, mapazia, wageni, majina ya watoto. Tulidhani ni furaha. Siku wajomba wa karani walipokuja kupanga tarehe, alitoka uani bila nguo, akawaamuru wapishe njia kwa kuwa yeye ndiye gari moshi. Mmoja wao, mtu mzima wa heshima, alivua koti akamfunika. Wakaondoka bila kugusa chai, na karani hakutuma hata barua.

Mama alijua la kusema kabla machozi hayajakauka. "Ni manjano. Yule bibi kamwekea mwanangu kitu." Kesho yake bibi alifika na bakuli lake kama kawaida, maana habari zilikuwa hazijamfikia. Mama alilipiga bakuli likamwagika mlangoni. Majirani wakatoka. Bibi alisimama pale, manjano yamemrukia kwenye kanga, akisema tu, "Mama, kuna nini? Mama, nimefanya nini?" Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Sikufungua kinywa.

Mchana ule dresa alikuja kumwona mgonjwa. Akamtazama macho, akamtazama viganja, kisha akaniita nje. "Kambi niliyotoka kulikuwa na mtu aliyevimeza hivi vidonge vyetu kwa pupa, akidhani atapona upesi. Akawa vivi hivi. Mdogo wako anapata vingapi?"

"Kama wengine, mzee."

Hakunibana. "Basi asipewe tena hata kimoja."

Nikaenda kumwaga kopo lote chooni. Hata mwezi haukwisha, mdogo wangu akaanza kulala, akatujua, akaona haya. Rangi ilimtoka polepole, nami nikashukuru kuuona weusi wake ukirudi. Baadaye aliolewa na fundi wa mashine kiwandani, mtu mwema. Lakini bibi wa Kilole hakuitwa tena na mtu. Tulipopishana naye njiani, mdogo wangu alipita bila kumwamkia. Siku moja nilijaribu kumwambia ukweli, akanikatiza. "Dawa ya zahanati? Umewagawia kambi nzima, nani amekuwa mwehu? Ni yule bibi." Nilinyamaza, na niliona nafuu. Mwanzoni nilinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Baadaye nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekwisha kunyamaza sana.

Miaka miwili au mitatu ikapita. Nikakutana na bibi sokoni Korogwe, amekaa na mafungu machache ya mchicha. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia kwa furaha iliyoniumiza, akanivuta nikae.

"Mjukuu wangu, wewe uko zahanati, unazijua dawa," akasema. "Wengine nawaogopa kuwauliza. Niambie, yale manjano yangu yalikuwa na nini? Naapa sikuweka kitu. Nimeacha kusinga watu. Mtoto wa binti yangu alipozaliwa nilikataa hata kumwogesha, naiogopa mikono yangu."

Ilikuwa nafasi yangu. Hapakuwa na dresa wala mama, wauza ndizi tu, nao hawakuwa wakitusikiliza. Nikamwona tena kwenye mlango wetu na kanga yake imeingia manjano, nikawaza atakavyonitazama nikimwambia kwamba nilikuwa nimesimama palepale, nikijua.

"Huenda yalikuwa yameoza, bibi," nikasema. "Manjano yakioza huwa na sumu. Si kosa lako, hukujua."

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. Kisha akafunga fungu la mchicha kwa ukindu, akanipa, akanishukuru kwa kumwambia.