Pointi Moja ya Mzee Wendell

Nyumbu walifungwa tena Jumamosi. Jumapili, kabla hata hakujapambazuka vizuri, nilikuwa nimeshawasha jiko, maana nawajua wanaume wa mji wetu huu wa Harbin. Wakifungwa, wanakula.

Nyumbu ndiyo timu ya mpira wa kikapu ya chuo chetu. Jina hilo walijichagulia wenyewe, kwa hiyo usinicheke mimi. Kila mwezi wa tatu kunachezwa mashindano ya kanda. Bingwa anakwenda kwenye mashindano ya taifa, anaonekana kwenye televisheni nchi nzima, na waliobaki wanarudi kwao, humu humu Indiana, kupanda mahindi. Nina miaka sabini na mmoja. Hatujakwenda hata mara moja. Tunafika fainali, watu wanapaka nyuso rangi, mchungaji anafupisha mahubiri, halafu tunafungwa. Nimechoka, jamani. Zamani nilikuwa nalia. Siku hizi nakoroga unga wa chapati za maji tu.

Mgahawa ni wangu, naitwa Bernadine Stuckey, na meza ndefu ya dirishani ni yao kila asubuhi. Orville Stamm, kinyozi mstaafu, hukaa kichwani mwa meza kwa sababu ana sauti kubwa. Lyle Hatcher anauza mbegu na haamini kitu chochote, hata utabiri wa hali ya hewa. Denny Ruckman anaendesha basi la shule. Na pale pembeni, mgongo ukutani, hukaa Mzee Wendell Trautman, na yeye ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Wendell alikuwa mpima uzito kwenye ghala la nafaka kwa miaka arobaini. Lori la mahindi likipanda kwenye mizani yake, mkulima hakushuka kwenda kuchungulia. Alibaki kwenye kiti chake akisubiri kuambiwa, na alichoambiwa ndicho kilichokuwa. Watu wetu ni wabishi. Wanabishana na daktari, wanabishana na Mungu, lakini sijawahi kusikia mtu akibishana na mizani ya Wendell.

Ndiyo maana chuo kilimpa daftari. Kwenye kila mchezo wa nyumbani anakaa meza ya kando ya uwanja, anaandika nani kafunga, nani kacheza rafu. Ubao wa taa unaoonyesha pointi ukisema hivi na daftari likasema vile, refa anafuata daftari. Ana penseli mbili zilizochongwa, na kifutio hana. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akanijibu, "Kifutio ni cha watu wasiotazama." Majivuno, ndiyo, lakini hayo ndiyo majivuno pekee aliyokuwa nayo. Nyumba yake ndogo, gari lake bovu, mke wake Arlene alishafariki zamani. Anakula yai moja na mkate uliokatwa kingo.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mwaka tisini na tatu fainali ya kanda ilichezwa hapa hapa kwetu. Mimi nilikuwepo, safu ya sita. Saa ilikuwa imefika sifuri, tumezidiwa pointi mbili, na Denny Ruckman, wakati huo ana miaka ishirini na mmoja na nywele nyingi, amepewa mitupo huru miwili. Wa kwanza ukaingia. Wa pili ukazunguka kwenye pete, ukazunguka, ukatoka. Sitini na saba kwa sitini na nane. Denny alibaki mstarini mikono ikiwa bado juu, mpaka kocha akaenda kumshika bega.

Kesho yake asubuhi akaja hapa macho yamevimba. Orville akamwambia, "Denny, ubingwa umetunyima. Haya, walau tumiminie kahawa." Watu wakacheka. Mimi nikampa birika, naye akazunguka meza nzima akimimina. Mwaka uliofuata tulifungwa na watu wengine kabisa, Denny hata hachezi tena, lakini mtu akasema, "Denny, birika!" Basi ikawa desturi. Kila msimu ukiisha, wanabishana chanzo nini, wanamlaumu kocha, wanamlaumu rais wa chuo, halafu mwisho wa yote wanarudi kwenye mtupo ule, na Denny anainuka kumimina. Siku hizi hata hangoji kuitwa.

Utasema ni utani tu. Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini Denny aliomba ukocha wa shule yetu mara mbili, na mara zote mbili mtu kwenye kamati aliuliza, "Huyo atawafundisha watoto mitupo gani?" Wakacheka, wakampa mwingine. Denny wakampa basi.

Wiki mbili zilizopita Wendell alikuja saa tisa alasiri, hakuna mtu mgahawani. Hakwenda mezani kwake. Alikuja kukaa kaunta, mbele yangu, na kofia hakuvua.

"Bernadine," akasema, "tisini na tatu Denny alifunga pointi kumi na tisa."

"Kumi na nane. Hata paka wangu anajua."

"Daftari langu linasema kumi na nane."

Nikaacha kufuta sahani. Chuo kilikuwa kinasafisha stoo ya uwanja, akaniambia, wakampa boksi la kanda za video za zamani. Naye alikuwa amefungiwa ndani na theluji na goti lake. Akaitazama fainali ile, daftari mapajani. Akaitazama mara tatu.

"Kipindi cha kwanza," akasema. "Denny anarusha mtupo huru. Unaingia, safi kabisa. Na mimi ninaonekana pale mezani, Bernadine, nimegeuka. Naangalia mlangoni."

"Mlangoni kuna nini?"

"Arlene. Alikuwa anatoka hospitali kule mjini kuchukua majibu. Alisimama mlangoni akanitikisia kichwa. Niliporudi kutazama, mpira ulishachukuliwa. Nikaandika amekosa."

Mapumziko, ubao ulisema thelathini na nne na daftari thelathini na tatu. Refa akaja kuuliza. Wendell akamwambia daftari lake halijawahi kukosea, na kila mtu alijua kwamba ni kweli. Mwandishi wa daftari la wageni akakubali kufuata la Wendell. Pointi ikatolewa kwenye ubao.

"Kwa hiyo tulishinda?" Moyo ulinipiga, nakiri. Mwanamke mzima.

"Tulikuwa sare. Tungeongezewa dakika tano. Baada ya hapo hakuna anayejua." Akazungusha kikombe cha kahawa. "Nataka kumwambia. Mbele yao wote, kabla hajamimina tena."

Nami nikasema nini? Nilisema, "Mzee, nyamaza. Watakutafuna. Watu hawa wamengoja miaka thelathini na mmoja kupata mtu wa kumlaumu vizuri. Jina lako ndilo ulilobaki nalo. Na Denny ameshazoea."

"Ameshazoea," akasema. Akalipia kahawa ambayo hakunywa, akaondoka. Nikadhani yameisha.

Basi Jumapili hii wakaja. Orville alikuwa bado ana rangi ya timu nyuma ya masikio.

"Tatizo ni kocha," akaanza kabla ya kukaa. "Yule mtu hana mbinu. Dakika tatu zimebaki anamwingiza yule mrefu wa Ohio. Yule si mchezaji, ni ngazi!"

"Kocha wa nne huyu unamfukuza," Lyle akamwambia. "Wote walikuwa wajinga? Tatizo wachezaji wanahama. Ukimpata mmoja anayejua mpira, mwakani chuo kikubwa kinamwita, huyo, kwaheri. Sisi tunafuga kuku, wenzetu wanakula mayai."

"Kuku gani! Wewe ulimwona lini kuku wetu anataga?"

"Wee Orville, usinitemee chakula."

"Mimi nasema ni moyo. Zamani watu walikuwa na moyo."

"Zamani tulifungwa vile vile."

"Lakini tulifungwa kwa heshima!"

"Heshima ya wapi? Mlikuwa mnalia barabarani kama watoto wachanga," nikawaambia, nikiweka viazi. "Kuleni."

Hayo yote nimeyasikia mara ngapi? Nikawa nahudumia huku namtazama Wendell kwa jicho la pembeni. Yai lake lilikuwa limepoa. Kando ya sahani kulikuwa na mfuko wa karatasi, na nilijua kilichomo kabla hajaufungua.

Orville akashusha pumzi. "Ah, tuseme tu ukweli. Tulipata nafasi yetu moja, mwaka ule, ikazunguka kwenye pete." Akamgeukia Denny akicheka, bila ubaya wowote, na hilo ndilo linaloniudhi, kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na ubaya. "Bwana Denny, kazi yako hiyo."

Denny akafuta mdomo, akasimama, akaja kwangu na mkono mbele. Ana upara sasa. Nikalishika birika. Nilijikuta siliachii. Denny akanitazama, akavuta kidogo, akasema taratibu, "Dada Bernadine, vipi?"

"Kaa chini, Denny," Wendell akasema. Sauti yake si kubwa, lakini wote wakamgeukia. "Kaa, mwanangu. Nina neno."

Akalitoa daftari mfukoni, akalifungua ukurasa ule, akaligeuza walione. Akasema yote. Hakupunguza kitu wala hakujitetea. Arlene hata hakumtaja, alisema tu, "Niligeuka." Alipofika kwenye habari ya refa, alisema, "Nikaapa. Sikutazama, na bado nikaapa." Kidole chake kilikuwa juu ya ile alama ndogo ya penseli.

Lyle alilivuta daftari, akalitazama sana, kana kwamba namba zitabadilika. Orville uso ulikuwa umemwiva. "Mungu wangu, Wendell," akasema. "Mungu wangu! Dakika tano! Tungekuwa na dakika tano! Unajua mimi nimemwita huyu mtu majina gani miaka yote hii? Wewe umekaa hapo hapo..."

"Nimejua mwezi uliopita."

"Hata kama! Ulikuwa mezani! Kazi yako ilikuwa moja tu, kutazama!"

Ndiyo hayo niliyoyaogopa. Yalikuwa yameanza, na mzee wa watu ameinamisha kichwa ayapokee.

"Mwache, Orville," Denny akasema. Alikuwa bado amesimama karibu yangu. "Mimi nilijua."

Wendell akainua uso. "Ulijua nini?"

"Kwamba ule mtupo uliingia. Nilirusha mwenyewe, mzee, ningekosaje kujua? Nilimwona mama Arlene mlangoni, nikakuona ulivyogeuka. Mapumziko nilipoona ubao umeshuka, nilijua ni wangu."

"Na hukusema?"

"Nilipanga kuja kwako Jumatatu. Nikiwa njiani nikakutana na watu wanazungumza habari za mama Arlene, kwamba ni kansa. Nikarudi. Nikasema ngoja kwanza apone." Denny akakuna upara wake. "Mwezi wa nane tukamzika. Jeneza nililibeba mimi, upande wa kushoto, unakumbuka. Sasa ningekwambia lini, mzee? Pale makaburini?"



"Basi ungetuambia sisi!" Orville akasema, lakini sauti ilikuwa imemwishia. "Ungetuambia sisi, Denny."

"Niwaambie nyinyi mkamtafune yeye, na msiba wake ule? Hapana." Hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, kama sisi sote. "Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilidhani mtasahau."

Kengele ya kanisa ikalia, wala mtu hakuinuka. Kisha Wendell akasukuma kiti, akashika ukuta, akasimama na goti lake bovu, akaja hatua kwa hatua mpaka kaunta. Akaninyooshea mkono. Nikampa birika, nikamshikia kwa chini kidogo kwa sababu lilikuwa limejaa. Akammiminia Denny. Kahawa ikafurika kwenye kisahani, ikashuka mezani, na Denny akaiacha ishuke.

"Inatosha, mzee," akasema. "Inatosha sasa."

Nikachukua kitambaa nikafuta meza, nikafuta na pale pasipokuwa na kitu. Mtu wa kwanza kumdhihaki Denny alikuwa Orville, na mtu wa kumnyima pointi alikuwa Wendell, na nilikuwa nimeshajiandaa kuwasema wote wawili. Lakini lile birika ni langu. Asubuhi ile ya kwanza alikuja macho yamevimba, na hakuna aliyeniambia nimpe. Nilimpa mwenyewe, nikicheka, na mwaka uliofuata nikalijaza kabla hajafika.