Tuliipita Hospitali Tukikimbilia Jiwe

Kwanza ilikuwa sauti. Kavu, ya haraka, kama maharage yanayotikiswa ndani ya kopo. Nilidhani ni nyenje, maana huku Kentucky wanapiga kelele mitini kiangazi chote. Sikusimama kusikiliza. Nilikuwa nimeinama kwenye rundo la matawi makavu, nikapenyeza mkono wa kulia chini ya gogo.

Naitwa Goreti. Nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, wazazi wangu wakiwa Warundi, na sasa naishi na mama yangu Jeffersontown, pembeni mwa Louisville. Siku za kazi napakia maboksi kwenye ghala. Jumamosi nasuka nywele. Ghala linanilisha, lakini kusuka ndiko kunakofanya watu wanitafute kwa jina. Nina vidole vyepesi. Nasuka mistari myembamba hata mteja akiwa amesinzia.

Jumamosi ile sikusuka. Kanisa letu lilikuwa na nyama choma ya mwisho wa kiangazi, na mama hataki kabisa makaa ya dukani. Anasema yananukia petroli. Basi asubuhi tulitangulia sisi wawili kwenye msitu wa vilima ulio kusini mwa mji, tukaokote kuni kabla wengine hawajafika.

Kambini nilienda kuni tangu nikiwa na miaka sita, na kila mtoto alifundishwa jambo moja: piga gogo kwa fimbo, subiri, ndipo uguse. Nyoka wa kule tuliwajua. Swila anatema mate yenye sumu machoni. Koboko ana mbio na hasira. Kifutu analala kama jani kavu, hakimbii, na ukimkanyaga ndipo utajua alikuwepo. Hakuna hata mmoja anayepiga njuga. Tena nilikuwa nimejiambia kwamba Amerika hakuna nyoka, isipokuwa kwenye simu. Fimbo ilikuwa karibu nami. Sikuiokota.

Aliniuma kwenye kidole cha shahada. Ilikuwa kama kupigwa nyundo, kisha kama kutiwa kwenye mafuta yanayochemka. Nilivuta mkono nikamwona akijikunja: mnene, wa rangi ya majani makavu, ncha ya mkia imesimama, inatetemeka. Sauti ile ilikuwa yake. Alikuwa amenionya, nami sikujua lugha yake.

"Mama! Nyoka!"

Mama alikuja mbio na kipande cha kitenge tayari kimechanwa. Alinifunga juu ya kiwiko, akakaza kwa meno.

"Twende hospitali," nikasema.

"Twende nyumbani," akajibu. "Jiwe liko nyumbani."

Ninyi mliokulia kwetu mnalijua jiwe hilo: jeusi, jepesi, dogo kama kifungo cha koti. Unachanja kwa wembe palipoumwa, damu ikitoka unalibandika, nalo linashika. Watu husema haliachii mpaka limemaliza kunyonya sumu. Mama alitoka nalo kambini limeshonewa kwenye pindo la nguo. Kule alilibandika kwenye miguu ya watu wengi, na wengi walipona. Hakuwahi kujiuliza ni wangapi waliumwa na nyoka wasio na sumu.

Njiani tuliona bango la hospitali. Tukalipita. Aliyeshika usukani alikuwa mama yangu.

Nyumbani alinikalisha jikoni, akanichanja mara nne, akabandika jiwe. Midomo yangu ilikuwa imeanza kufa ganzi. Mdomoni nilionja chuma. Kidole kilivimba kikawa kama ndizi, na kiganja kikafuata. Misuli ya mkono ilikuwa inachezacheza yenyewe chini ya ngozi. Damu ya chale ilipaswa kuganda. Haikuganda. Ilishuka hadi kwenye kiwiko, ikadondoka sakafuni.

Simu ya mama ikalia. Alikuwa kaka yangu Elia, dereva wa lori anayeishi Gahanna, Columbus; njiani nilikuwa nimemtumia ujumbe kwamba nimeumwa na nyoka. Mama akaiweka mezani kwa sauti kubwa.

"Mama, mko hospitali gani?"

"Tuko nyumbani. Jiwe limeshika vizuri."

"Mama! Jiwe la Kigoma litamjua wapi nyoka wa Kentucky?"

"Usinifanyie mzaha, Elia. Huko watamkata mkono. Nimewaona wazungu na misumeno yao."

"Hatutaki mzaha wala msumeno. Mpeleke!"

"Likishashika haliondolewi. Likiondolewa mapema, sumu inapanda moyoni."

Niliutazama mkono wangu. Niliona wazi kwamba wao wangeendelea kubishana, na mimi ningeendelea kuvimba. Sijawahi kumpinga mama mbele ya mtu. Nilinyoosha mkono wa kushoto, nikalibandua jiwe, nikaliweka mezani kando ya simu.

"Mama," nikasema, "mkono ni wangu. Chukua funguo."

Alinitazama kana kwamba nimempiga kofi. Kisha akachukua funguo. Safari hii aliendesha moja kwa moja hadi hospitali.

Tangu niumwe ilikuwa imepita zaidi ya saa moja. Pale chumba cha dharura alinipokea muuguzi Mkenya, Sista Achieng'. Aliponisikia nikimwita Mungu kwa Kiswahili, akaniitikia kwa Kiswahili.

"Pole, dada. Haiya! Na hii kitenge ni ya nani? Na hizi chale?"

"Ni mimi," mama akasema.

Sista hakumkaripia. Alilegeza kitenge polepole, akanivua pete, akaweka mkono wangu juu ya mto. Kisha akachora mstari kwa kalamu mahali uvimbe ulipofikia na kuandika saa. Kila baada ya muda alichora mwingine. Mstari wa tatu ulikuwa umevuka kiwiko.

Daktari alisema mambo bila kuyapamba, na Sista akamtafsiria mama. Sumu hii inaharibu nyama na kuzuia damu kuganda, ndiyo maana chale zilikuwa hatari. Kitenge kiliibana sumu ileile ndani ya mkono. Wangenipa dawa ya kuzima sumu kwenye mshipa. Presha ndani ya mkono ikizidi, wangeupasua. Na kidole huenda kikafa.

"Nitasuka?" nikamwuliza daktari.

"Tuokoe mkono kwanza," akasema.

"Sawa. Lakini andika kwamba mimi ni msusi. Ukifika wakati wa kuamua kuhusu kidole, ukumbuke."

Akaandika. Nilimwona akiandika.

Dozi ya kwanza haikutosha. Nilitapika, fizi zikavuja damu. Dozi ya pili ilipoingia nilikodolea macho mstari wa tano, karibu na kwapa, nikamwambia Mungu: hapa, usiruhusu upite hapa. Jioni Sista alikuja na kalamu, akaangalia, akairudisha mfukoni. Hakukuwa na kitu cha kuchora.

Wakati huo Elia alikuwa ameshafika. Alivuta kiti akaanza kunisomesha kutoka kwenye simu, kama kawaida yake.

"Unajua yule mwenye sumu kali kuliko wote duniani? Yuko Australia. Lakini ni mwoga, anaishi nyikani, akisikia mtu anajificha kwenye ufa. Hana hata muda na wewe. Kumbe si ukali wa sumu tu, ni tabia yake na tabia yako. Wako amepiga njuga kabisa, na bado umemsalimia kwa mkono!"

Nilicheka, na kucheka kuliniuma hadi begani. Mama alikuwa amekaa pembeni, uso ukutani.

"Nilitaka upone," akasema.

"Najua, Mama."

Mkono haukupasuliwa. Kidole kilikuwa cheusi, kikatoa malengelenge, kikajivua ngozi, lakini kilibaki. Nilipotoka hospitali hakikukunjika. Kwa miezi minne nilifanya mazoezi. Nilifunga nyuzi za sufu kwenye mguu wa kiti nikasuka, nikafumua, nikasuka. Siku nyingine nililia kwa hasira, nikasuka huku nalia. Mama alikaa upande wa pili, akinishikia nyuzi zisiteleze.

Ncha ya kidole mpaka leo haina hisia. Namshukuru Mungu kwa kilichobaki, na wale walioniwekea mikono na dawa. Ninyi ndugu zangu wa Louisville, Columbus, Buffalo na kokote: mkiumwa, msifunge, msichanje, msinyonye, msimwinde nyoka. Vueni pete, tulieni, pigeni simu ya dharura palepale. Na kama mkubwa wako anasema subiri, mheshimu ukiwa njiani kwenda hospitali.

Mteja wangu wa kwanza baada ya hapo alikuwa bibi harusi kutoka Buffalo, mgeni asiyejua habari zangu. Nilimsuka tangu asubuhi hadi saa kumi jioni. Alipoinuka alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Dada, umenivuta! Umekaza mpaka macho yamepanda. Hivi vidole vyako ni vya chuma?"

"Pole," nikasema, na sikuweza kuficha tabasamu.

"Na unacheka!"

Akavaa koti, akaguna, akatoka na mlango ukafungwa nyuma yake.